Hodi Kutoka Chumba cha Ndani

Gaspari alipomwita mkewe "Kandida" mbele yangu, moyo ulinilipuka.

Msinione mjinga. Najua Kandida ndilo jina lake, ndilo alilobatiziwa. Lakini nani hapa Ifakara, mwenye mke na mtoto, anamwita mkewe jina la usichana mbele za watu? Tangu niwafahamu wale wawili, yeye ni Baba Otilia na mkewe ni Mama Otilia. Hata baada ya msiba waliendelea kuitwa hivyo, na wao wenyewe wakaitana hivyo, maana ilikuwa njia pekee iliyobaki ya kulitaja jina la mtoto wao kila siku.

"Kandida, nishikie kofia," alisema, akakaa kwenye kiti changu cha kulazia na kujinyoosha bila wasiwasi. Uso umenawiri, mashavu yamerudi. Mwezi uliopita mtu huyuhuyu aliletwa kwangu ameshikwa makwapani, macho mekundu, anaongea na ukuta.

"Unalala, baba?" nikamuuliza.

"Nalala, dokta! Nalala mpaka nakoroma. Muulize huyu."

Sikuhitaji kumuuliza. Kandida alikuwa anaikunjakunja ile kofia mapajani, macho chini.

"Ila kuna kitu kimoja," Gaspari akasema. "Nasikia hodi."

"Hodi ya nani?"

"Si ndiyo nimekuja unieleze wewe! Nasikia nikiwa macho, mchana kweupe. Sauti ndogo, ya mtoto. Nikienda mlangoni, hakuna mtu. Jana nimefungua milango yote, wa jikoni, wa chooni, mpaka kabati la vyombo. Juzi niliisikia mferejini."

Kofia ikamponyoka Kandida.

"Mfereji upi?" nikauliza.

"Ule mkubwa wa lango la chini. Nikashuka. Maji yalinifika kifuani, jirani ndiye aliyenivuta mkono." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua amefanya kichekesho. "Sasa mtoto wa watu anapiga hodi ndani ya maji, dokta. Wewe ungekaa tu?"

Otilia alikufa katika mfereji ule. Baba yake ndiye aliyemtoa, kwa mikono yake, na ndiyo sababu usingizi ulimkimbia. Leo anautaja mfereji kama mtu anayetaja soko.

"Baba Otilia," nikamwita polepole, makusudi.

Gaspari akageuka akatazama mlangoni, kuona ni nani aliyeingia.

*

Niwaeleze kazi yangu, maana wenzetu wa mikoa yenye usiku wanaiona uchawi.

Hapa bondeni usiku haupo tangu vioo vipandishwe angani. Jua likizama, vioo vinapokea kazi, vinamulika mashamba mpaka jua lirudi. Mpunga tunavuna mara tatu kwa mwaka. Tunashiba kweli, na tunakesha kweli. Mapazia mazito hayasaidii, vidonge watu wamevizoea. Mwili haujui tena lini umeambiwa ulale. Wengi wetu tunachoka tu, tunagombana na majirani, maisha yanaenda. Lakini mtu mwenye huzuni, ukiongeza na mwanga huo, anakesha mpaka anakufa. Sitanii. Nimeshasimama makaburini kuwazika wateja wangu.

Ndipo tunapoingia sisi, walazaji. Tiba yenyewe ni ile hipnosi ya zamani: mtu anakaa, anasikiliza sauti, anashuka taratibu mpaka chini. Kilichoongezeka ni uzi. Ni waya mwembamba kuliko unywele, unapachikwa nyuma ya sikio, na unaipeleka sauti ya mlazaji mpaka ndani kabisa, pale usingizi unapoanzia. Uzi unaijua sauti moja tu. Uzi wa Gaspari unaijua yangu.

Na haufunguki ovyo. Mteja anajenga nyumba kichwani mwake, yoyote aipendayo, anaingia, anakaa. Mimi nasimama nje napiga hodi. Akisema karibu, kwa kinywa chake, uzi unafunguka. Nikipiga mara tatu asijibu, naondoka, na sheria inanikataza kurudi siku hiyo. Wakubwa walioitunga walijisifu sana, eti kufuli lenye adabu. Jambo moja hawakujiuliza: ni nani katika nchi hii anayeacha hodi bila kuiitikia? Mtu yuko bafuni, ana mapovu machoni, anaitikia. Mgonjwa hoi kitandani anaitikia. Tunasema karibu kwanza, halafu ndipo tunatazama nani kaingia.

Nilimpa Gaspari maji ya kunywa, nikamshika mkewe mkono, nikamtoa nje kwenye korido.

"Mama Otilia. Mumeo hamjui mtoto wake."

Akajiziba mdomo kwa pembe ya kitenge. "Usipaze sauti, dada Resti. Atasikia."

"Nani kamfanya hivi?"

"Mimi."

Akaanza kueleza, haraka haraka.

"Alikuwa anakwisha, dada, uliona mwenyewe. Ulimlaza akalala siku chache, halafu ikashindikana tena. Wewe ukaenda Mahenge kumzika shangazi yako. Mimi nikabaki naye. Hali, hanywi, anatetemeka, anamwita mtoto. Nikaenda kumlilia Dokta Severini. Akaniuliza, unataka mume au unataka mfiwa? Nikasema nataka mume."

"Uzi wa mumeo haumjui Severini."

"Ilikuwa sauti yako."

"Unasemaje?"

"Nilikuwamo chumbani. Wewe hukuwapo, na niliisikia sauti yako, dada, vilevile, mpaka kile kikohozi chako kidogo. Ikapiga hodi. Mume wangu akafurahi, akasema karibu dokta, umerudi? Alidhani ni wewe."

Nilijishika shingoni bila kujua. Ninaogopa vitu vichache duniani, nyoka na radi, lakini siku ile niliiogopa sauti yangu mwenyewe. Imetembea bila mimi, imeingia kwa mtu, na imekaribishwa.

"Ikamwambia nini?"

"Ikamwambia kuna chumba cha ndani, cha mtoto. Akusanye kila kitu cha Otilia akiweke mle. Nguo zake, cheko lake, siku aliyozaliwa, siku ya mfereji. Halafu atoke nje, azibe mlango kwa matofali na udongo, apige lipu, na asahau kwamba ukuta ule uliwahi kuwa mlango." Akainua mikono kunionyesha. "Alikuwa anaziba huku anatabasamu. Mikono inaenda hivi, hivi, hewani, kama yuko kazini."

"Ee Mungu wangu."

"Akalala siku nzima. Nilishukuru, dada, nilipiga magoti! Alipoamka akaona kigauni kwenye kamba akaniuliza, hiki cha nani, mbona umeanika nguo za watu? Ndipo nilipojua nimefanya nini. Nikazunguka kwa majirani wote, nikawaomba wamwite Gaspari. Picha nimezificha. Msiba ni wangu peke yangu sasa. Nikitaka kulia naenda mashineni, pale wanapokoboa mpunga, zile kelele zinanisitiri."

Nilitaka kumfokea, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikamwona amejifunika uso kwa kitenge, na hasira yote ikahamia kwa Severini.

*

Dokta Severini ndiye mkuu wa kituo chetu. Ni mdogo kwangu kwa umri, mstaarabu, hapandishi sauti hata umtukanie ukoo. Nilimkuta ofisini anamenya chungwa.

"Umeiba sauti yangu," nikamwambia, hata salamu sikutoa.

"Karibu ukae, dada Resti."

"Sikai. Umeiba sauti yangu!"

"Vikao vyote vinarekodiwa, hilo unalijua. Nilichukua neno hapa, neno pale, nikaunganisha. Mtu alikuwa anakufa na mlazaji wake hayupo. Ungefanya nini?"

"Nisingemnyang'anya mtu mtoto wake!"

"Mtoto alishakufa. Nilimnyang'anya maumivu." Akaweka chungwa mezani. "Umemwona leo? Ananenepa. Huyo ni maiti niliyemfufua, na wewe ni shahidi."

"Ameingia mferejini juzi mpaka kifuani. Anamfuata mtoto anayepiga hodi."

Nikaona kwamba hakujua, na kwamba limemshtua. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Basi kumebaki ufa," akasema. "Nitaenda kuuziba leo hii. Safari hii sitagusa chumba, nitagusa hodi yenyewe. Asisikie hodi tena."

"Ya nani?"

"Ya yeyote. Ya mtoto, ya jirani, yako. Itapita masikioni kama upepo."

"Mtu asiyesikia hodi ya jirani yake? Mtu gani huyo?"

"Mtu hai," akanijibu. "Mrudishie mtoto wake, dada Resti, halafu uniambie atalala vipi. Atakesha tena, na safari hii mwili hauna akiba. Utamzika wewe? Utasimama na mkewe kaburini umwambie ulikuwa unatetea kanuni?"

Kilichonitisha zaidi ya yote ni kwamba mtu yule hakuwa anasema uongo. Nilikuwa nimeona wangapi wakikesha mpaka mwisho! Nilimjua Gaspari, nilijua moyo wake, nilijua kwamba ukifunguliwa mlango ule huenda nikamuua kwa mdomo wangu.

"Namaliza hapa, nakuja," Severini akasema.

Nikatoka mbio. Kwa umri wangu na uzito wangu, mbio. Niliingia chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa ufunguo na kuuegemea.

"Kuna nini, dokta?" Gaspari akauliza. "Umepauka."

"Hakuna kitu, baba. Lala hapo nikushushe."

Kandida, aliyekuwa amesharudi chumbani, alinifuata kwenye kona, akaninong'oneza, "Unataka kufanya nini?"

"Sijui. Ukinikataza, nitaacha."

Alimtazama mumewe muda mrefu. "Naogopa kumpoteza," akasema. "Na nyumbani nimeshampoteza, naishi na mgeni mwenye sura yake. Naogopa huku na huku, dada. Sijui nikwambie nini."

"Basi tumuulize mwenyewe."

"Utamuulizaje mtu kitu asichokijua?"

Nikaenda kukaa kando ya Gaspari.

*

Nilimshusha kama kawaida. Pumzi ndefu, mabega yalegee, kope ziwe nzito, kila pumzi ngazi moja chini. Taa ndogo ya uzi ikawaka kijani nyuma ya sikio lake. Sauti yangu ilikuwa inakwaruza, ila yeye alishuka vizuri tu. Mwili wake uliniamini, na hilo liliniumiza.

"Uko wapi, baba?"

"Nyumbani. Sebuleni."

"Hodi."

Kimya. Gaspari huwa anaitikia kabla sijamaliza neno. Nikangoja. Kandida alikuja akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Karibu, dokta, pita ndani," akasema mwishowe. "Samahani. Nimepata hodi mbili kwa mpigo, yako ya nje na hii ya ndani."

"Ya ndani inatoka wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta ukoje?"

"Umepigwa lipu. Lipu mpya, nadhani ni kazi yangu, naijua mikono yangu." Akakunja uso. "Lakini umelowa. Una jasho. Maji yanatoka chini, yananipita miguuni. Baridi, dokta. Haya ni maji ya mfereji."

Kucha za Kandida zikaniingia nyamani.

"Na hodi bado unaisikia?"

Gaspari akafungua mdomo ili anijibu. Kilichotoka hakikuwa sauti yake.

"Hodi," kilisema. Chembamba, cha mtoto wa chekechea, chenye kitembe kidogo. "Hodiii."

Kandida aliteleza mpaka chini akakaa sakafuni, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilitaka kukata uzi nikimbie. Kitaalamu naweza kuwaeleza: mtu aliyeshuka sana hutoa sauti za kumbukumbu zake, koo linaiga kilichohifadhiwa. Nimelisomea. Nalifundisha. Haikunisaidia hata chembe.

Mlango wa chumba ukatikiswa. "Dada Resti! Fungua!" Alikuwa Severini. Alikuwa anagonga kwa kiganja, pa, pa, pa, wala hakupiga hodi.

"Dokta," Gaspari akasema, kwa sauti yake sasa, "nimwitikie?"

Mlazaji haruhusiwi kumfungulia mteja mlango wa nyumba ya kichwani mwake. Haruhusiwi hata kumwambia kilicho nyuma yake. Sheria ni nzuri, na siku nyingine zote ningeisifu.

"Sikiliza, baba. Sitakudanganya," nikasema. "Ukimwitikia, ukuta utaanguka, na kitakachotoka kitakuumiza kuliko kitu chochote kilichowahi kukuumiza. Huenda usingizi ukakukimbia tena. Huenda usirudi. Usipoitikia, nje kuna mtu anayeweza kukufanya usiisikie hodi hii maisha yako yote, na utalala. Mimi sitakuchagulia. Naogopa kukuchagulia."

Nje Severini ananiita, anaahidi kunifukuza kazi, halafu anabembeleza, halafu anaahidi tena.

"Huyu anayegonga ukutani ni mtoto?" Gaspari akauliza.

"Ni mtoto."

"Mtoto mdogo?"

"Mdogo, baba."

"Amekaa humo muda gani?"

"Mwezi sasa."

Uso wake ukabadilika. Ilikuwa hasira, hasira ya mzazi anayekuta jambo la aibu uani kwake. "Mwezi! Mtoto anagonga mwezi mzima, maji yamemjaa, na watu wazima tumekaa kimya?"

Nilimtazama Kandida pale chini. Angeweza kusema asiitikie. Alikuwa na haki hiyo, na ningemsikiliza. Alitoa mikono mdomoni, akaiweka mapajani, akatikisa kichwa kukubali.

"Karibu!" Gaspari akaita kwa nguvu zake zote. "Karibu, mama! Karibu, mwanangu, pita!"

Halafu akapiga yowe.

Sijawahi kusikia yowe kama lile na naomba nisilisikie tena. Severini mwenyewe alinyamaza kule nje. Nikakata uzi, nikauchomoa kabisa, taa ikazima, nikamshika mabega nikimwita. Alifumbua macho lakini hakuniona. Alikuwa anamtafuta mkewe. Alimpata pale sakafuni, akashuka kwenye kiti, akamfuata kwa magoti.

"Mama Otilia," akasema. "Kumbe ulikuwa unalia peke yako."

Kandida alijibu kwa kumwangukia. Walilia, jamani. Walilia kilio cha siku ya kwanza ya msiba, chenye kutaja: vidole vyake, kitembe chake, ule uji wa ulezi aliokuwa anaukataa, ndara moja iliyoelea. Nilisimama pembeni na uzi mkononi, sijui pa kuuweka. Huko nje nikasikia viatu vya Severini vinaondoka taratibu.

Kilio kilipopungua ndipo nilipoona nilichokuwa nakiogopa. Gaspari alikaa wima, ameegemea ukuta, macho makavu yametoka, wekundu umeanza kurudi pembeni. Magoti yanamcheza. Nilizijua dalili hizo moja moja.

"Baba," nikasema, "nikushushe kidogo tu? Bila kugusa kitu. Upumzike."

Alishtuka nilipofungua mdomo, akarudi nyuma. "Usiniite kwa sauti hiyo, dokta. Nisamehe. Najua si wewe uliyefanya. Lakini siitaki tena sauti hiyo masikioni mwangu."

Lilinichoma. Nikakubali kwa kutikisa kichwa.

"Na tena silali," akaendelea, akamgeukia mkewe. "Amefungiwa mwezi mzima. Nikilala, nani atamwitikia?"

Vitabu vyangu vyote, kozi zangu zote, hakuna kilichonifundisha la kumjibu mtu huyo. Niliona kaburi lake, niliona na mchanga. Nikajiambia, Restituta, umemuua.

"Mimi," Kandida akasema.

"Eh?"

"Nitamwitikia mimi. Ni mwanangu pia, au umesahau nani alimzaa?" Alijifuta kamasi kwa kitenge, akanyoosha miguu sakafuni. "Mwezi mzima nimekaa naye macho, peke yangu. Sasa tuko wawili. Lala, Baba Otilia. Ukiamka utanipokea."

"Utasinzia."

"Nisinzie mimi? Weka kichwa hapa."

Akabisha kidogo. Akaweka kichwa mapajani mwake akakiinua tena, akauliza kama ana uhakika, akajibiwa kwa ukali kwamba anyamaze. Nje vioo vilikuwa vimeshaanza kupokea zamu, mwanga mweupe unaingia dirishani kama kawaida, mwanga uleule uliotufukuzia usingizi wote. Nilimwangalia kifua. Pumzi ilipanda, ikakatika kwa kwikwi, ikapanda tena. Ikawa ndefu. Mdomo ukafunguka kidogo.

Amelala. Bila uzi, bila neno langu hata moja. Sikuthubutu kufurahi. Huenda ni uchovu wa kilio tu, huenda kesho akakesha, na kesho kutwa, mpaka mwisho. Huenda yule mtoto atapiga hodi tena na baba yake ataamka akimbilie majini. Sikuwa najua lolote, na kesho ningekuwa sina kazi.

Kandida hakuondoa mkono kichwani kwa mumewe. Alikuwa ameukazia macho mlango, hapepesi.

"Dada Resti," akaninong'oneza, "unaogopa?"

"Naogopa, Mama Otilia. Naogopa sana."

"Na mimi," akasema. "Sogea ukae hapa."

Nikavua viatu nisimwamshe, nikaenda nikakaa sakafuni karibu naye.